Ua wa Masale

Ulianza upepo, tena upepo wa upande usio wake. Upepo wa kijiji cha Kwemvumo watu waliujua: ulipanda kutoka nyika jua likishika, ukapoza jasho la walimaji, ukaenda zake. Huu ulitoka mawio, upande wa pwani, na haukwenda zake. Siku ya kwanza uling'oa nyasi za paa la msikiti na kulaza migomba yote upande mmoja, kama watu waliosujudu na kusahau kuinuka. Usiku wake ndipo ikaja mvua. Baadaye wasafiri walieleza kwamba ilikuwa tufani iliyotoka baharini, ikavunja minazi na mikonge njiani kabla ya kupanda milimani. Wakati ule hakuna aliyekuwa na maelezo. Watu walifunga milango kwa kamba, wakaketi gizani mchana, wakasikiliza miti ya msituni ikikatika mmoja baada ya mwingine.

Tatu alikuwa peke yake nyumbani kwake. Mumewe, Saidi, alikuwa mbali nyikani, kwenye kibarua cha kukata mkonge. Paa lake lilivuja kila mahali ila juu ya kitanda, na hilo halikumtia wasiwasi. Wasiwasi wake ulikuwa ng'ambo ya mto, kwenye mteremko unaotazamana na kwake. Huko, katika nyumba ya marehemu baba yake, walikuwamo mama yake Mwanahawa na binti yake Mwanaidi, mtoto aliyekuwa ameanza tu kung'oka meno ya mbele.

Baba yake, mzee Shemboza, alikuwa mpasua mbao. Gogo alilolikata mwenyewe ndilo lililombingirikia katika shimo la kupasulia, na waliomtoa walimfunika kwanza ndipo wakaita watu. Alizikwa kando ya nyumba, kaburi likazungushiwa masale, mimea ile ile iliyozunguka ua mzima tangu zamani za babu. Mjane akavaa kaniki, akaketi eda. Mwanaidi akapelekwa kwa bibi yake amchotee maji na kumpunguzia upweke, maana ndivyo inavyofanyika.

Basi kulikuwa na dada wa marehemu, Hadija, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika mashamba matatu. Alimpenda kaka yake kupita kiasi, na uchungu wake haukuwa na pa kwenda, ukamwendea wifi yake. Siku moja mtoni, wanawake wakifua, alisema kwamba Mwanahawa bado ana shingo ya msichana, na kwamba kaburi la kaka yake halitaota nyasi kabla hajaonekana sokoni Bumbuli na kanga mpya. Wanawake wakacheka. Maneno yakamfikia Mwanahawa nguo za mtoni hazijakauka.

Mwanahawa hakulia wala hakutukana. Alimwita wifi yake mbele ya watu wa kaya, akamwambia neno ambalo kila aliyelisikia alilichukua nyumbani kwake.

"Wifi, leta mkeka wako, ukae humu ndani unilinde. Ua huu wa masale sitauvuka mpaka siku zangu za eda zitimie. Ukiona nimeuvuka kabla, ujue nimebebwa."

Hadija naye hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Alileta mkeka. Ikawa wanawake wawili wanakaa nyumba moja, mmoja analinda na mmoja analindwa, wanakula chungu kimoja, wanaota moto mmoja, na hawasemezani. Neno lililopaswa kusemwa lilipitia kwa mtoto, aliyewaita wote wawili bibi. Mwanaidi, mwambie bibi yako ugali umeiva. Mwanaidi, mwambie bibi yako aniondolee mguu wake hapo. Mtoto akaona ndivyo watu wazima wanavyoishi, akawa anageuka huku na kule akipeleka maneno hatua mbili kutoka mdomo hadi sikio. Miezi ikaenda hivyo. Eda ilikuwa imebakiza majuma machache tufani ilipofika.

Siku ya tatu asubuhi upepo ulipungua. Mvua haikupungua. Tatu alijifunga kanga kibwebwe, akachukua kamba ya baba yake ya kuvutia magogo, akateremka kwenda mtoni.

Aliusikia kabla ya kuuona. Ulikuwa kijito ambacho watoto hukiruka wakati wa kiangazi, na juu yake lilikuwa limelazwa gogo la mkufi, ulalo wa tangu zamani, pana kiasi cha mtu kupita na mzigo kichwani. Sasa maji yalikuwa mekundu, yamefika usawa wa ulalo, na ndani yake mawe yalikuwa yakibingirika na kusagana, mtu akayasikia kwa nyayo kabla ya masikio. Ardhi yote ya ukingoni ilitetemeka.

Sefania, jirani yake, alikuwa amesimama hapo chini ya mti uliobaki na tawi moja. Alikuwa Mlutheri, mtu wa mashairi ya kanisani na mizaha ya shambani, lakini asubuhi ile hakuwa na mzaha usoni. Alimweleza Tatu kwamba amekuwa hapo tangu kupambazuke, akitazama vinavyopita. Kwamba nyumba za kando ya mto huko juu zote zimekwenda. Kwamba watu walipanda juu ya mapaa, na mapaa yakaondoka nao.

Walikuwa wakisema hivyo, ukapita mlango wa nyumba pamoja na fremu yake, umefungwa kwa kamba kama mwenyewe alivyoufunga. Akapita ndama, miguu juu. Likapita paa la nyasi, limebeba kuku watatu wamejikunyata. Kisha likapita gogo, na juu ya gogo mtu. Walimtambua. Alikuwa Abrahamu, mfua majembe wa chini ya soko, amelikumbatia gogo kama mtu anayepanda mti. Aliwatazama. Hakupiga ukelele, wala hakunyoosha mkono; aliwatazama tu, kama anayetaka kukumbuka ni akina nani. Sefania akaingia majini hadi magotini na kutupa tawi. Gogo likagonga mwamba, likajigeuza upande, na lilipojigeuza tena halikuwa na mtu.

Sefania akatoka majini. Alivua kofia yake iliyolowa, akaikamua, akaivaa tena.

Tatu alikuwa tayari anajifunga kamba kiunoni. Sefania alimshika mkono, akamkataza. Hakumwachia hata alipoombwa kwa upole, kwa hiyo Tatu alimpiga kiwiko cha mbavu, pigo la kweli, mwenzake akajipinda. Alipopata pumzi alikusanya ncha nyingine ya kamba, akaizungusha kwenye mti ule wa tawi moja.

"Haya, pita, dada," alisema. "Ukianguka nitakuvuta kama ng'ombe wa mtu. Ila usinipige tena, mbavu ni hizi hizi."

Tatu alipita kwa kutambaa. Ulalo ulikuwa unaruka chini ya tumbo lake kila jiwe lilipogonga. Katikati, mti mzima wenye mizizi ulikuja na kujipiga kwenye gogo. Tawi lake likamchana paja tangu juu hadi karibu na goti, na damu ikatoka na kuoshwa palepale, asiione ilikokwenda. Aliuma kanga yake, akaendelea. Alipogusa udongo wa ng'ambo alifungua kamba, na kabla hajasimama sawasawa ulalo uliinuka upande mmoja, ukasimama kama mtu anayeamka, ukaenda.

Aligeuka. Sefania alikuwa anapaza sauti, lakini sauti haikufika. Akawa ananyoosha mkono kuelekea juu, nyuma ya Tatu, tena na tena.

Tatu akatazama juu.

Mteremko ule wa juu ya nyumba ya baba yake ulikuwa wa migomba na miti zamani. Miaka miwili nyuma ndipo ikaja amri ya serikali ya kulima matuta, kukinga udongo usichukuliwe na maji. Miti ikang'olewa, watu wakapanga mstari, askari wa jumbe akasimama juu yao na kiboko, na matuta yakakata mlima mzima kwa kukingama. Yalikinga udongo kweli. Sasa yalikuwa yamekinga na maji. Kila tuta lilikuwa limejaa hadi mdomo, moja juu ya jingine, likang'aa, mlima wote ukawa ngazi ya maji yaliyosimama. Na katikati ya mistari ile iliyonyooka, Tatu aliona mstari mmoja ambao haukulimwa na jembe. Ulikuwa umepinda kama mundu, mweusi, kutoka kona moja ya shamba hadi nyingine. Ulikuwa ufa.

Alipanda mbio, paja likivuja. Nyuma ya nyumba alipitia kwenye chemchemi. Chemchemi ile ilikuwa ikitoka katika jiwe tangu hajazaliwa, kiangazi na masika, nene kama mkono wa mtoto. Mvua ilikuwa ikimwagika juu yake kama mbingu imetobolewa, na chemchemi ilikuwa kavu. Jiwe lilikuwa wazi, limeachama.

Tatu alisimama hapo. Baba yake, aliyeishi maisha yake yote msituni, aliwahi kumwambia neno moja wakiwa wanachota maji papo hapo: "Mlima ukimeza maji yake, usingoje kuona utatapikia wapi."

Aliingia ndani, ameloa tope na damu, na bado mdomo wake ukatoa kile ulichofundishwa. Alimwamkia mama yake shikamoo, akamwamkia shangazi yake shikamoo. Wote wawili wakamwitikia marahaba, kila mmoja kwa zamu yake.

Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye mkeka, kaniki yake imekaza mwilini kwa unyevu. Mwanaidi alikuwa amelala mapajani mwake. Hadija alikuwa amesimama ameshika mti wa paa kwa mikono miwili, kama kwamba akiuachia nyumba itaondoka. Maji yalipita sakafuni, yakazima jiko, yakatokea mlangoni.

Tatu aliwaambia kuhusu ufa. Aliwaambia kuhusu chemchemi. Aliwaambia kuhusu Abrahamu na ulalo, na kwamba hakuna njia tena isipokuwa kukimbilia kwenye mwamba wa kuanikia maharage, ule ulio nje ya ua upande wa kulia, mahali ambapo mlima una mfupa. Akamaliza, akamnyanyua mtoto.

Mama yake hakuinuka. Alimwambia amchukue mtoto, ampeleke, na kwamba yeye yuko alipo.

Tatu alidhani hakusikika. Akarudia. Akamkumbusha kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani alikwisha sema siku ile ya matanga, mbele ya wote, kwamba mjane mwenye kuhofia uhai wake anaruhusiwa kutoka, na hana dhambi.

"Mwalimu hakusemwa mtoni," alisema Mwanahawa. "Nilisemwa mimi."

Hadija aligeuza uso ukutani. Alisema, akimwambia mtoto kama desturi yao, kwamba yeye hakumkataza mtu kutoka; anayetaka kukimbia akimbie. Lakini sauti yake ya mashamba matatu ilikuwa imekuwa ya chumba kimoja.

Hapo ndipo jiwe la kwanza likaja. Halikubingirika, lilitua. Lilipita ukuta wa upande wa jikoni kama mtu anayetoboa karatasi, likamponda mbuzi aliyefungwa pale, likapumzika katikati ya chumba, likifuka. Ukutani palibaki tundu, na ndani ya tundu mtu aliona mvua. Mbuzi hakulia. Mguu wake mmoja uliendelea kupiga teke kwa muda.

Mwanaidi alianza kupiga kelele. Tatu alimpeleka mlangoni, akamwonyesha mwamba, akamwambia akimbie, asitazame nyuma, apande hadi juu kabisa. Mtoto alimng'ang'ania bibi yake kwa sauti na mama yake kwa mikono. Tatu alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga usoni kabla ya hapo. Mtoto alinyamaza, akamtazama, kisha akakimbia, kigauni kimegandamana mgongoni, akapita pengo la masale, akaenda.

Aliporudi ndani, mama yake alikuwa ameinuka. Tatu alishukuru moyoni, kisha akaona. Mwanahawa alikuwa ameikumbatia nguzo ya kati, ile iliyoshika paa zima, aliyoichonga mzee Shemboza mwenyewe kabla ya harusi yao. Alikuwa ameingiza vidole katikati ya vidole upande wa pili, na shavu lake lilikuwa kwenye mti.

Tatu alimvuta kiunoni. Akamvuta mabega. Mwanahawa alikuwa mwanamke wa jembe na kuni, na mikono yake ilikuwa imeamua. Tatu akaanza kuvifungua vidole kimoja kimoja. Alipofungua cha tatu, cha kwanza kilikuwa kimerudi. Ndipo Hadija akamrukia. Alimshika nywele kwa nyuma, akamwambia hashikwi mjane wa kaka yake namna hiyo nyumbani kwa kaka yake, wakaanguka wote wawili kwenye maji ya sakafuni. Walipigana pale, shangazi na mtoto wa kaka yake, bila neno, wakigugumia tu. Hadija alimng'ata bega. Tatu alimsukuma kwa miguu miwili, Hadija akaenda akagonga kichwa kwenye mafiga, paji la uso likapasuka, damu ikamfunika macho. Akabaki ameketi, anajipapasa.

Juu yao mlima ulitoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtu mzito anayejigeuza kitandani.

Mchi ulikuwa umeegemea kinu. Tatu aliushika.

"Mama, achia."

Mwanahawa alifungua macho. Alimtazama bintiye, akatazama mchi, na uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefunga mzigo vibaya na sasa hawezi kuutua mwenyewe.

"Kama ni kupiga, piga," alisema.

Tatu alipiga. Alipiga mkono wa kulia, mahali vidole vilipokutana, kwa nguvu ile ile ya kutwanga. Alisikia mifupa. Mama yake hakulia. Alivuta pumzi ndani kwa kelele, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Vidole vikakunjuka, vikaning'inia, lakini mkono wa kushoto ukaushika wa kulia kwenye kifundo, kumbatio likabaki. Tatu akapiga wa kushoto. Akapiga mara ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na huruma ndani yake. Mwanahawa akaporomoka hadi magotini, akitelezesha shavu kwenye nguzo, na bado viwiko vyake viliizunguka.

Tatu aliona kivuli kinainuka upande wake. Hadija alikuwa amesimama, uso wote mwekundu, jicho moja tu wazi. Tatu akainua mchi juu yake, na angeushusha. Hadija hakumtazama. Aliinama, akamshika Mwanahawa miguu yote miwili, akaivuta kutoka kwenye nguzo kwa mkupuo mmoja.

"Shika mabega," alimwambia Tatu. Kisha akamwambia mwenye miguu, ana kwa ana, bila kumpitia mtoto, kwa mara ya kwanza tangu msiba: "Umebebwa, wifi. Nimeona mimi kwa macho yangu. Umebebwa."

Walitoka hivyo. Tatu alikuwa mbele, anarudi kinyumenyume, mikono chini ya kwapa za mama yake. Hadija nyuma, na miguu. Tope lilikuwa la kufika kwenye vigimbi vya miguu. Walipita kaburi la mzee Shemboza, walipita kinu cha nje, wakafika kwenye pengo la masale. Mwanahawa alikuwa amefumba macho. Mikono yake ilikuwa imelala tumboni kama vitu vya mtu mwingine. Walipovuka ua, Hadija alisema tena, kwa sauti ile ya kusikika mashamba matatu, hata kama hapakuwa na shamba lililobaki la kumsikia: amebebwa.

Kwa kuwa alikuwa akienda kinyumenyume, Tatu ndiye aliyeuona mlima. Aliona tuta la juu kabisa likitoweka. Likafuata la pili, na la tatu, si kwa kuvunjika bali kwa kujikunja, kama mkeka unaokunjwa na mtu aliye juu. Maji ya kila tuta yakamwagikia la chini yake, na lile la chini likaondoka na yote. Miti iliyokuwa imebaki ilikuja imesimama wima, inatembea. Sauti ikaja mwisho.

Hadija alikuwa ameupa mlima mgongo. Aliona uso wa Tatu tu, na katika uso huo alisoma vya kutosha. Hakugeuka. Walikuwa wamebakiza urefu wa mtu mmoja kufika kwenye mwamba. Alikita miguu yake topeni, akaikunja ile miguu ya wifi yake kifuani mwake, akaisukuma kwa mwili wake wote, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Tatu na mama yake walianguka chali juu ya jiwe. Tatu aliinua kichwa. Alimwona shangazi yake amepiga magoti, mikono imenyooka mbele, mitupu. Kisha pale alipokuwa pakapita udongo.

Ulipita muda ambao hakuna aliyeweza kuusema baadaye. Udongo ulipita na nyumba. Nguzo ya kati ilionekana peke yake, imesimama katikati ya tope linalokwenda, ikainama polepole kuelekea bondeni, ikalala. Ulipita na kaburi. Ulipita na ua wa masale wote, upande hadi upande. Mwamba ulitetemeka, lakini haukuondoka. Juu yake kabisa Mwanaidi alikuwa ameketi, amejiziba masikio, na hakuwa ametazama nyuma, kama alivyoambiwa.

Mvua ilikatika kesho yake, jua likatoka bila haya. Sefania na wanaume wengine walizunguka kwa njia ya msituni, juu kwenye chanzo cha mto, wakafika na machela. Njia ya kwenda hospitali ya Bumbuli ilikuwa imekatika mahali pengi mno, kwa hiyo mzee mmoja wa kaya ya jirani alivifunga vidole vya Mwanahawa kwa vijiti na magome. Vilipona vikiwa vimepinda. Bondeni watu walikuwa wanazika tangu asubuhi hadi giza, Waislamu na Wakristo wakisaidiana majembe, na wengine walizika nguo tu.

Hadija alipatikana siku ileile ya jua, chini kabisa, kwenye migomba iliyolazwa. Walimleta nyumbani kwa Tatu, wakamlaza nyuma ya pazia la kanga. Wanawake wa kuosha walikusanyika, na Mwanahawa akainuka kutoka kwenye mkeka wake akawafuata. Wakambishia. Wakamwambia hana mikono. Mmoja akasema kwa upole kwamba mtu mwenye eda yake angekaa ndani tu. Mwanahawa aliwajibu kwamba eda yake anaijua yeye na aliyembeba, kisha akapiga magoti kwenye miguu ya maiti na kuvitanguliza vile vidole vilivyofungwa vijiti.

Tatu alishika kibuyu. Hakuwa amesema neno na mama yake tangu kwenye mwamba. Alimimina, maji yakatoka kwa kishindo.

"Taratibu," alisema mama yake. "Miguu yangu huyu aliishika taratibu."

Akaiosha. Hakuweza kukunja vidole, kwa hiyo alitumia viganja, akauondoa udongo wa mlima kutoka kila kidole cha mguu, akaomba maji, akamiminiwa, akaomba tena, mpaka maji yakatoka safi. Alipomaliza ndipo akalia. Tatu akaweka kibuyu chini, akavishika vile vijiti, mama yake akamwachia avishike.

Eda iliyobaki aliimalizia kwa Tatu. Mwanaidi alikwenda akatafuta vipande vya masale vilivyokuwa vimenasa kwenye mawe, akavichomeka kuizunguka nyumba, vimelegea na vyeusi kwa tope. Vikashika. Mwanahawa hakuvivuka. Shughuli za mikono alizifanyiwa: alichambuliwa maharage, alifungwa kaniki, alilishwa siku za mwanzo na mwanawe aliyemvunja, na juu ya mchi ule halikusemwa neno, siku zile wala baadaye.

Ila jioni moja Tatu alisonga ugali, moshi ukajaa chumbani, na Mwanahawa, aliyekuwa ameketi akitazama mlango, alisema kama aliyezoea kusema:

"Mwanaidi, mwambie bibi yako ugali umeiva."

Mtoto akainuka, akageuka, akamtafuta wa kumwambia.